Malisho Yaliyoitwa Tupu

Takwenya, kina mama! Haya, nasikia nusu yenu, Wamaasai wenzangu, mmeitikia "Iko" na nusu mnaangaliana. Ndiyo Kitengela yetu ya siku hizi. Basi Bwana asifiwe, hapo nyote mmeelewa. Kiswahili changu mnakijua, kinachechemea, mnivumilie.

Mwenyekiti ameniambia nieleze vile nilikaribia kutolewa kwangu na vile sikutolewa. Nitaeleza. Lakini ndugu zangu, nawaambia ukweli, kuna mahali katika hii hadithi mimi mwenyewe sielewi mpaka leo.

Nilipoolewa hapa hakukuwa na kitu kinaitwa ploti. Ardhi ilikuwa ya ranchi ya kikundi, yaani yetu sote pamoja. Josho lilikuwa la serikali, na daktari wa mifugo alikuwa wa serikali. Halafu miaka ya tisini ikaingia na maneno mapya. Tukaambiwa mambo ya josho sasa ni ya kila mtu na mfuko wake, dawa iko dukani. Tukaambiwa ranchi igawanywe, kila mzee apate kipande chake na hati yake, eti ndiyo maendeleo. Wanaume walichinja, wakaimba. Sisi wanawake tulichemsha chai. Hakuna aliyetuuliza kitu, na sisi wenyewe hatukujua cha kuuliza.

Ng'ombe nao hawakuambiwa. Walitoka asubuhi wakifuata njia yao ya siku zote, wakakuta fensi. Mmoja wangu mwekundu alisimama kwenye ile waya akilia mpaka nikaenda kumrudisha. Nikajiuliza, huyu akiniuliza njia imeenda wapi, nitamjibu nini?

Wakati huo viwanda vya huko Athi River vilikuwa vinaleta watu, na watu wanataka mahali pa kujenga. Mabroka wa kuuza ardhi wakaanza kuingia kwenye maboma yetu. Mmoja alikuja kwetu, akapewa maziwa, akamuuliza mzee wangu kwa upole, "Mzee, ni sehemu gani hapa iko tupu?"

Mzee akanyoosha rungu, akaonyesha olopololi. Wale hamjui, olopololi ni malisho ya karibu na boma tunayowekea ndama. Mvua ikinyesha hakuna ng'ombe mkubwa anaingia pale. Nyasi inaachwa ikue, ili kiangazi kikija ndama na wagonjwa wawe na chakula. Kwa hivyo mzee alijibu vizuri kabisa! Pale palikuwa hapana mtu. Broka akasikia tupu, yaani haina kazi. Mzee alimaanisha tupu, yaani imewekwa. Wakapeana mikono wakicheka, pesa ikatolewa. Sasa niambieni, mzee wangu alidanganywa ama hakudanganywa? Hapo ndipo sielewi.

Kiangazi kikaja. Nikafungulia ndama, nikakuta mawe ya ujenzi yamepangwa na mama mmoja Mkamba anachanganya simiti.

Nikamwambia, "Mama, hapa ni pa ndama."

Akasema, "Pole mama, hapa ni kwangu. Nimenunua."

Mimi nimechanganyikiwa, yeye amechanganyikiwa, na ndama wanalamba mchanga wake. Hakunifukuza. Alinipa maji, nikarudi nao nyumbani.

Wale ndama walikufa wengi. Nililia, wacheni tu, nililia mpaka mzee akaenda kulala kwa ndugu yake. Na pesa ya kuuza ikaisha, msiniulize vipi, zote zinaishaga. Halafu broka akarudi. Safari hii mzee alikubali ichukuliwe ardhi iliyobaki yote, na nyumba ndani. Nikasikia kwa masikio yangu akisema, "Mama watoto atahamia Entarara kwa ndugu zangu." Entarara! Huko sijui hata mlango mmoja. Mimi na watoto tutaanza wapi?

Nilimwambia nani? Yule mama Mkamba, kwa sababu alikuwa anakuja kununua maziwa na aliniona uso. Akaweka chombo chini. "Haiwezi kupita bila bodi ya ardhi," akasema. "Na huko watakuuliza wewe, mke, kwa sababu nyumba yako imo. Usinyamaze."

"Sijui kuongea mbele ya wanaume."

"Nitaenda na wewe."

Tukaenda Kajiado. Broka akaninong'oneza mlangoni, "Mama, ukiulizwa sema ndiyo tu." Ndani, afisa akaniuliza kama nakubali. Wee! Yote yule mama aliyonifundisha njiani yakatoroka. Nikajikuta nauliza, "Kwani mmeambiwa huko hakuna mtu?"

Akasema, "Tumeambiwa iko tupu."

"Mimi niko huko," nikasema. "Watoto wangu wako huko. Mama yake huyu mzee tulimzika huko."

Afisa akamgeukia mzee wangu. Mzee akajifunika uso na shuka. Halafu akasema polepole, "Ni kweli. Haiko tupu." Bodi ikakataa. Broka alitoka bila kutuaga.

Leo niko na boma langu na ng'ombe wachache, na maziwa mnayakunywa ninyi wenyewe mlionizunguka na mabati. Asanteni kwa kununua hata yale yaliyochacha. Asante kwa mzee wangu pia, alisema lile neno mbele za watu na halikuwa rahisi. Na ninyi wasichana mlioolewa juzi, mtu akiwauliza kitu gani kwenu hakina kazi, msinyooshe kidole haraka. Muulizeni kwanza yeye anaita nini kazi.

Yule mama Mkamba ameketi hapa, msimwangalie, anaona haya. Nyumba yake imekalia malisho ya ndama wangu, na ni yeye aliyeniokoa. Nikiamka nikaona ile jiko yake, nahesabu tena wale ndama waliokufa. Halafu ananiita mama kwa Kimaasai pale fensi, "Yeyo, chai iko tayari!" na miguu yangu inaenda. Nikiwa nakunywa najiuliza, nimesamehe, ama nimezoea? Sijui, kina mama. Lakini asipoita, nasimama hapo nje nikimngoja.