Hester Tranter na Ngome Zake za Vilimani

Mchungaji, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Hopley, na nyinyi mliotoka mbali na mvua yote hii, mimi ni Aubrey Bebb, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, nami nawaomba mnivumilie, maana leo sauti yangu si ya kutegemewa.

Marehemu Hester Mary Tranter alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Hopley, mkoani Shropshire, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Percival Bebb, mhunzi aliyewavika viatu farasi wa nusu ya wilaya hii, na mama yetu Olwen. Alianza shule ya msingi ya hapa kijijini mwaka 1954, akaendelea na sekondari mjini Ludlow hadi Julai 1964, alikotoka na cheti cha upishi pamoja na sifa ya ukaidi, cheti kilipotea baadaye tulipohama nyumba, lakini ukaidi alidumu nao hadi mwisho.

Aliajiriwa kwanza katika duka la nyuzi za kufumia, Ludlow, tangu Septemba 1964 hadi Desemba 1973, kisha kuanzia Septemba 1978 akawa mpishi wa shule yetu ya msingi, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja hadi alipostaafu Julai 2009, na wengi mliokaa humu mmekulia viazi vyake, na mnakumbuka kwamba aliyebakiza karoti kwenye sahani alikutana naye mlangoni.

Tarehe 5 Juni 1971, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Clifford Tranter, dereva wa lori la maziwa, mtu mpole wa maneno machache, hata watu wakatania kwamba nyumba ile imepata mdomo mmoja na masikio mawili. Tarehe 9 Februari 1974, katika hospitali nisiyotaka kuitaja, Hester alijifungua mtoto wa kiume, mtoto akaishi kwa muda usiozidi saa moja, na kwa desturi ya miaka ile muuguzi alimfunika kwa shuka akaondoka naye, wazazi hawakupewa mwili wala hawakuambiwa umezikwa wapi. Clifford alifika na lori lake mambo yameshakwisha, hakumwona mwanawe hata uso, na muuguzi mmoja akamvuta pembeni akamwambia, "Baba, ukimpenda mkeo usimkumbushe. Nendeni nyumbani, mtapata mwingine." Clifford ni mtu wa kutii, akatii.

Majira ya kuchipua ya mwaka ule ndipo dada yangu alipoanza kupanda kwenye ngome za kale, yale matuta na mahandaki waliyoyachimba watu wa nchi hii juu ya vilima kabla Warumi hawajatia mguu, na ambayo leo yamebaki majani, kondoo na upepo. Alianza na Wenbury, kilima kile kifupi mnachokiona mkitoka hapa nje, akaenda Norbatch, akavuka mkoa kwenda Hereford, kusini hadi Dorset, na kufikia uzee wake alikuwa amepanda ngome sitini na tatu. Na alikuwa na utaratibu wake, hakukubali kurukia tuta popote alipofika, alizunguka hadi alione lango la zamani, hata kama ni maili nzima kwenye matope, apite humo kama mgeni mwenye adabu, kisha alitembea juu ya tuta la ndani duara zima, mwisho akasimama katikati peke yake kwa dakika kadhaa, ndipo anashuka. Mimi nilifuatana naye mara mbili tu, magoti yakanishinda, lakini siku moja kule Norbatch nilimuuliza anapata nini kwenye uwanja mtupu usio na ukuta wala jiwe la kutazama. "Watu mia nne walilala hapa," akanijibu, "walipika, waligombana, walizaa, wakazika. Hakuna hata mmoja tunayemjua jina, na bado ukisimama hapa huwezi kusema hawakuwepo." Nikadhani dada yangu amekuwa mtu wa historia, nikamnunulia vitabu kila Krismasi, akanishukuru, na nadhani hakuvifungua.

Clifford ndiye aliyemwendesha kila safari, miaka arobaini na minane, na hakupanda hata siku moja, alibaki ndani ya gari chini ya kilima na chupa yake ya chai na gazeti. Sisi tulimcheka. "Shemeji, unaogopa Warumi?" nilimuuliza, naye akanijibu, "Mimi naangalia gari." Ukweli ni kwamba aliamini mkewe anataka awe peke yake, na yeye Hester aliamini mumewe hataki kujua, basi mmoja akasimama juu na mwingine akakaa chini, kila mmoja akilia kivyake, jioni wakarudi nyumbani wakala chakula wakazungumza habari za mvua. Tuko hivyo watu wa huku, na mimi nasema mbele ya jeneza hili kwamba ni ujinga.

Mwaka 2006 Hester aliandikia hospitali barua bila kumwambia mtu, akiuliza alikozikwa mwanawe, akajibiwa kwamba vitabu vya mwaka ule havionekani.

Mnamo Novemba 2021 alianza kukohoa mfululizo, akapimwa, ikaonekana ni kansa ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Alipata matibabu hadi Aprili, kisha akayakataa, na tarehe 21 Mei 2022 alimwambia Clifford, "Leo funga gari, mzee. Unapanda na mimi." Walikwenda Wenbury, mwendo wa dakika ishirini uliowachukua saa mbili, yeye na pumzi yake, mume na fimbo yake, wakapitia langoni kama ilivyopasa, na walipofika katikati akamweleza kwamba mtoto alimpa jina siku ile ile, Edwin, na kwamba kwenye ngome zote sitini na tatu alilitamka kwa sauti, kwa sababu makaburini kila mtu ana jina na yeye hakuwa na pa kusimama, lakini kule juu hakuna mwenye jina, kwa hiyo mtoto wake hakupungukiwa na kitu.

"Nilidhani umemsahau," Clifford alimwambia.

"Na mimi nilidhani wewe ndiye umesahau."

Kisha Clifford akamuuliza jambo alilolibeba tangu siku ile ya lori, "Alikuwaje?" Hester alimwona mtoto kwa kitambo kidogo kabla ya shuka, akamwambia alikuwa na nywele nyekundu za mama yake Clifford na vidole virefu, na mzee wetu akakaa chini pale pale akalia kwa uchungu, hadi marehemu alipomshika bega na kumwambia, "Umekalia mavi ya kondoo, baba." Haya yote amenisimulia Clifford mwenyewe, na ameniruhusu niyasome.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 3 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hadi kitandani kwake, majirani mlioleta supu na mikate hadi meza ikakosa nafasi, na wapishi wenzake wa shule waliokuja kumchana nywele alipokuwa hawezi.

Jumanne asubuhi tulikaa jikoni kuandika karatasi hii, nami nilikuwa nimeandika kwamba marehemu alijaliwa mtoto mmoja, binti yake Judith, kama tulivyozoea kusema katika ukoo wetu muda wote huu, Clifford akaisoma, akavua miwani, akachukua kalamu akalikata lile neno "mmoja". "Shemeji," akaniambia, "andika sawasawa. Usome mwisho, watu wote wasikie, na mimi nitasimama." Basi shemeji, simama.

Marehemu Hester Mary Tranter alijaliwa watoto wawili, Edwin Tranter, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1974 na kufariki siku hiyo hiyo, na Judith, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1977, ambaye yuko nasi hapa, pamoja na wajukuu wawili, Tamsin na Rhys.

Pumzika, dada yangu, wewe na mwanao.