Mama Mkwe Hashiki Kiuno

NELVINE: Haloo? Haloo, nani huyo? Ongea kwa nguvu, hii laini inameza maneno.

KIMELI: Ni Kimeli. Niko Chepseon, kwa simu ya barabara. Habari ya huko?

NELVINE: Mvua tu. Ya huko?

KIMELI: Mvua. Hapo ni stoo ya ushirika, Fort Ternan?

NELVINE: Ndiyo. Mimi ni karani, Nelvine.

KIMELI: Naomba shemeji yangu. Onsongo.

NELVINE: Onsongo wa pikipiki?

KIMELI: Huyo.

NELVINE: Ako hapa nje chini ya mabati. Anaipangusa.

KIMELI: Kwani anaenda mahali?

NELVINE: Hapana. Anaipangusa tu. Ngoja nimwite.

(Mvua juu ya mabati.)

ONSONGO: Haloo? Ni nani?

KIMELI: Shemeji, ni mimi. Kimeli.

ONSONGO: Oh, mkwe wetu. Chamgei.

KIMELI: Bwakire.

ONSONGO: Bwakire sana. Umejua kutusalimia kwa Kikisii siku hizi, kama mimi kwa Kikipsigis chenu. Dada yangu je? Amejifungua?

KIMELI: Bado. Wiki hii ama ijayo. Amesimama hapa nje ya kibanda na mwavuli. Na mama yako ako nyuma yake.

ONSONGO: Mama? Anafanya nini barabarani na hii mvua?

KIMELI: Ndiyo napiga. Kesho ni daktari wa macho.

ONSONGO: Kesho ni Alhamisi?

KIMELI: Ni Alhamisi. Anakuja hospitali ya misheni asubuhi, anapasua macho ya watu, jioni anaenda zake. Mama ni namba sita. Mara ya kwanza alikosa kwa sababu ya malaria. Mara ya pili alikosa kwa sababu ya matanga. Huyu daktari anarudi mwaka ujao mwezi wa nne, na nesi ameniambia jicho la kushoto halitangoja mwezi wa nne.

ONSONGO: La kulia je?

KIMELI: La kulia lilienda zamani. Jana amesalimia ng'ombe wangu akidhani ni pastor.

ONSONGO: Si umpeleke na gari?

KIMELI: Gari gani? Hii mvua ya Elinino imebeba kalavati ya barabara. Imebaki daraja la miti, la miguu na baiskeli. Na huko ng'ambo trekta ya majani chai imelala kwa tope tangu Jumapili. Kitu inapita ni pikipiki peke yake.

ONSONGO: Basi una bahati. Wewe ni mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, ushirika wamekupatia pikipiki. Tena mimi ndiye nilikuchagulia.

KIMELI: Ulinichagulia.

ONSONGO: Nilikuambia chukua ile ndefu. Tumbo yake iko juu, haigusi mawe. Tairi ya meno. Hiyo ni pikipiki ya tope kabisa.

KIMELI: Ni ndefu. Mama amepanda juu ya stuli, na kutoka kwa stuli bado ni kama kupanda dari.

ONSONGO: Hiyo si shida. Zile springi za nyuma unazilegeza na spana, inashuka. Halafu kiti cha kiwanda ni kigumu, usimkalishe hivyo. Kunja gunia mara nne, funga na mpira wa tyubu. Punguza upepo kwa tairi kidogo, kwa tope itashika. Na akanyage pale pa miguu pa nyuma, asiachilie miguu ikining'inia. Asikae upande. Kina mama wanapenda kukaa upande, lakini kwa tope, mtu wa upande anakuvuta mtaroni.

KIMELI: Onsongo.

ONSONGO: Na cheni, umeipaka oili? Oili chafu ni sawa, lakini si—

KIMELI: Onsongo, hii simu inakula sarafu. Mama amekataa.

ONSONGO: Amekataa pikipiki?

KIMELI: Amekataa mimi.

(Simu inakwaruza.)

ONSONGO: Sijasikia.

KIMELI: Umesikia. Mtu wa nyuma anashika wa mbele kiuno. Mama mkwe hawezi kushika mkwe kiuno. Mimi ni Mkipsigis, kwetu pia tunaheshimu mama mkwe, lakini mambo yenu Wakisii ni mengine. Ile chinsoni.

ONSONGO: Ile ni heshima. Hata kumsalimia kwa mkono huwezi.

KIMELI: Najua. Miaka nne sijamshika mkono. Naongea naye kupitia dada yako Gesare, na yeye ananijibu kupitia Gesare, na sisi wote tuko jikoni moja.

ONSONGO: Hivyo ni vizuri.

KIMELI: Ni vizuri kama hakuna mvua.

ONSONGO: Si Gesare akae katikati?

KIMELI: Na hiyo tumbo?

ONSONGO: Aa. Kweli. Na yule pastor Obure, si ana pikipiki?

KIMELI: Injini iko Kericho kwa fundi tangu mwezi wa nane. Fremu iko kwake. Kuku wanalala hapo.

ONSONGO: Basi weka kitu katikati yako na mama. Kitu kigumu. Ashike hicho kitu, asikushike wewe.

KIMELI: Nimejaribu, jana.

ONSONGO: Uliweka nini?

KIMELI: Mtungi wangu wa kazi.

ONSONGO: Mtungi upi?

KIMELI: Ule naendanga nao kwa wenye ng'ombe. Ni mzuri, una mikono miwili ya kushika, na nimeutengenezea kikapu chake pale nyuma.

ONSONGO: Kimeli. Ule mtungi wa mbegu za fahali?

KIMELI: Umefungwa. Haimwagiki.

ONSONGO: Umechukua mama yangu, mjane, mama wa kanisa, ukamwambia akumbatie mbegu za fahali nyuma ya mkwe wake?

KIMELI: Sikumwambia kuna nini ndani.

ONSONGO: Sasa alijua aje?

KIMELI: Aliuliza mbona ni baridi. Na Gesare hajui kudanganya mama yake.

ONSONGO: Akasema nini?

KIMELI: Hakusema. Alishuka mwenyewe, bila stuli. Akaingia nyumbani akaimba wimbo wa kanisa, beti zote. Hajaongea na mimi tena, hata kupitia Gesare.

ONSONGO: Yaya, hapana. Yaya, Kimeli. Hiyo si chinsoni tena. Hiyo sijui tutaita nini.

KIMELI: Nimekosa, nakubali. Nitaleta kondoo ama kile wazee wenu watasema. Lakini kesho asubuhi ni ya daktari. Leo asubuhi ndiyo amesema neno moja, na hilo ndilo limenileta hapa.

ONSONGO: Neno gani?

KIMELI: Amesema atashika kiuno cha mtoto aliyezaa, au atakaa nyumbani awe kipofu. Sasa hii ni saa tatu asubuhi. Kutoka huko kwako mpaka hapa si mbali. Kuja umpeleke mama yako.

(Simu inakwaruza.)

ONSONGO: Leo?

KIMELI: Leo.

ONSONGO: Leo ni ngumu. Tunapokea mbolea.

KIMELI: Kwa lori gani, na barabara imefungwa?

ONSONGO: Inaweza kufunguliwa.

KIMELI: Onsongo.

ONSONGO: Tena hii yangu si ya tope. Ni ya lami. Ni fupi, tairi ni laini—

KIMELI: Ni fupi. Mama atapanda bila stuli.

ONSONGO: Cheni imelegea.

KIMELI: Kaza.

ONSONGO: Plagi nayo—

KIMELI: Plagi ina nini? Kila barua unaandikia mama umeenda Kisumu, umerudi, umeenda Londiani, umerudi. Gesare anamsomea. Mama anatembea na hizo barua kwa mfuko wa sweta, anaambia watu wa soko, kijana wangu huyo mnamsikia. Kila pikipiki ikipita anauliza kama ni wewe. Sasa plagi imekuwa mbovu leo?

(Mvua.)

ONSONGO: Nelvine ametoka. Ngoja nifunge mlango.

KIMELI: Usifunge mlango, sarafu inaenda.

ONSONGO: Nimefunga. Kimeli, sijaikalia tangu mwezi wa nne.

KIMELI: Nini?

ONSONGO: Pikipiki. Sijaipanda. Naiwasha asubuhi, inanguruma kidogo, naizima, naipangusa. Naenda nyumbani kwa miguu.

KIMELI: Ulianguka?

ONSONGO: Pale barabara inavuka reli. Kulikuwa na manyunyu. Nilikanyaga breki juu ya chuma, ikaniacha. Yaani nilikuwa juu yake, halafu sikuwa juu yake.

KIMELI: Uliumia?

ONSONGO: Hapana. Hiyo ndiyo shida. Ningevunjika mguu watu wangeelewa. Niliamka, nikapangusa suruali, nikaisukuma mpaka hapa. Hata kioo hakikuvunjika. Siku ya pili nikaikalia niende, mikono ikakataa. Nikasema nitaenda kesho. Sasa ni mwezi wa kumi na moja.

KIMELI: Na Kisumu?

ONSONGO: Nilienda Kisumu. Na basi.

KIMELI: Mwezi wa nne ndio uliniandikia kurasa nne za kuchagua pikipiki.

ONSONGO: Ilikuwa wiki ile ile. Kila kitu nilichokuandikia ni kweli.

KIMELI: Ni kweli. Sijaanguka hata mara moja.

ONSONGO: Usiambie mama.

KIMELI: Siongei na mama.

ONSONGO: Na Gesare usimwambie.

KIMELI: Gesare amebandika sikio kwa kioo cha kibanda. Lakini mvua ni nyingi.

ONSONGO: Naogopa, Kimeli. Nasema ukweli, naogopa sana. Peke yangu naogopa, sasa na mama huko nyuma? Ile tope? Lile daraja la miti? Nikimwangusha je?

KIMELI: Mimi pia naogopa.

ONSONGO: Wewe?

KIMELI: Kila siku. Nikifika ile telemko ya Sosiot natoa jasho, na ni baridi. Ng'ombe ya mtu inangoja, saa zake zinapita, naenda tu. Natia gia ya kwanza, naachilia polepole, watoto wa shule wananipita na mabegi. Hakuna sheria inasema pikipiki lazima iende mbio.

ONSONGO: Gia ya kwanza mpaka Chepseon ni masaa matatu.

KIMELI: Sasa ni saa tatu. Matatu ni saa sita. Mama anakula, anapanda, jioni mko misheni.

ONSONGO: Na watu wa huku wakiniona naenda hivyo? Mimi Onsongo wa pikipiki?

KIMELI: Ni mvua. Watu wako ndani.

ONSONGO: Na mama? Ataona naogopa.

KIMELI: Ataona na nini?

ONSONGO: Atasikia mwili. Amenishika kiuno, atasikia natetemeka.

KIMELI: Atafikiri ni injini.

(Simu inalia tii, tii.)

ONSONGO: Hiyo ni nini?

KIMELI: Ni sarafu. Nimebakisha moja. Onsongo, sikiza. Mimi ningeweza kumbeba ningembeba sasa hivi, hata mgongoni. Nimeoa dada yako miaka nne, huyu mama ameniombea kila asubuhi na hajawahi kunishika mkono. Mtoto anakuja wiki hii. Nataka amwone. Nataka amwangalie uso aseme anafanana na nani. Hiyo tu. Sina lingine.

(Mlango unafunguliwa.)

KIMELI: Onsongo? Haloo?

(Kitu kinagonga mbao. Mbali, kiki moja. Kiki ya pili. Kiki ya tatu, na mngurumo.)

KIMELI: Onsongo, uko? Usizime simu. Haloo? Umesema utakuja ama umesema nini? Haloo?

NELVINE: Haloo? Nani bado yuko?

KIMELI: Ni Kimeli. Onsongo ako wapi?

NELVINE: Ameacha simu inaning'inia, amechukua koti yangu ya mvua. Hakuomba.

KIMELI: Anaiwasha anazima?

NELVINE: Ameiwasha.

KIMELI: Na amezima?

NELVINE: Ngoja niangalie dirishani. Bado inawaka. Ako juu yake. Amekaa tu.

KIMELI: Amekaa anafanya nini?

NELVINE: Amekaa. Ameshika. Midomo inaenda, sijui anaomba ama anatukana.

KIMELI: Mwangalie tu.

NELVINE: Namwangalia. Eh. Imesonga.

KIMELI: Imesonga mbele?

NELVINE: Mbele. Polepole sana, miguu yote miwili iko chini, inaburuta. Kuna mama na mzigo wa kuni, amempita. Sasa mbwa amempita. Shemeji yako ni mgonjwa?

KIMELI: Hapana. Amefika wapi?

NELVINE: Kwa geti. Amesimama. Anaangalia pande zote kama mtu amepotea.

KIMELI: Anarudi?

(Tii, tii.)

NELVINE: Hapana. Amepandisha miguu. Ameshika ya juu, ya Kipkelion, ya kuja huko kwenu.

KIMELI: Una hakika ni ya Kipkelion?

NELVINE: Hiyo ndiyo barabara ya juu, hakuna nyingine. Na koti yangu imeenda. Nani atanilipa—

KIMELI: Mimi. Asante, dada. Asante sana. Gesare! Gesare, ambia mama aache kusimama kwa mvua, arudi nyumbani apike. Kijana wake ametok—

(Tiiiiii.)