Sista Presha Anaondoka, Alhamisi Inabaki

Tarehe 30 Juni muuguzi mkuu wa makao yetu ya wazee anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatunza watu wanaopoteza kumbukumbu. Jina lake limebandikwa mlangoni, lakini kuanzia getini hadi jikoni anaitwa Sista Presha, naye anaitika. Sisi wa chumba cha kufulia tumeombwa tuandike maneno haya, labda kwa sababu ndio tuliomkimbia zaidi na ule mkanda wake wa kupimia presha. Tunafurahi kwamba atapumzika. Kinachotukaa kooni ni saa yake ya Alhamisi ya kuwapima wafanyakazi. Haina mrithi, na uongozi umeshakitazama chumba chake ukaona kinafaa kuwa stoo.

Alianza hapa kama mhudumu wa kubadilisha mashuka, akasoma jioni mpaka akawa muuguzi. Kwa wazee wetu hana haraka. Yupo mzee mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu, ambaye kila asubuhi humkaripia kwa kuchelewa. Sista, ambaye hajawahi kuchelewa, huinamisha kichwa, huomba radhi na kuahidi kwamba kesho atakuja na mzazi.

Sisi wafanyakazi tumetoka nchi nyingi, na wakati wa chakula tulikuwa na wimbo mmoja: kwetu ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu haupo, ni wa watu wa huku. Siku moja Sista akavuta kiti. Akauliza ni nani kwao hakuwa na bibi aliyesemwa amerogwa, au babu aliyepotea njia ya dukani akarudishwa na majirani, watu wakasema ni uzee tu. Akatueleza kwamba hesabu za nchi hazifanani kwa sababu nyingi. Kuna mahali watu hufa kabla ya umri wa kuupata, na kuna mahali hakuna wa kupima, kwa hiyo mgonjwa haingii kwenye hesabu. Lakini zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huu wako katika nchi zisizo tajiri. Tena katika baadhi ya nchi tajiri, mzee wa leo ana hatari ndogo ya kuupata kuliko mzee wa umri kama wake miaka ya nyuma, na wataalamu wanadhani ni kwa kuwa alikaa shule zaidi na presha yake ikatibiwa mapema. Kisha akataja yanayoongeza hatari: shule iliyokatika, presha, sukari, sigara, masikio yaliyokufa kwa kelele, upweke. Ilikuwa kama anatusoma sisi, mmoja baada ya mwingine.

Alhamisi ilizaliwa kwa kosa. Mpiga pasi wetu alianza kujibu mambo ambayo hakuulizwa. Ukimwomba sabuni, anakuambia mke wake hajambo. Sisi wenyewe tukamhukumu kwamba akili zinamtoka taratibu, tukawa tunamjadili yeye mwenyewe akiwepo. Sista akampa maswali ya kumbukumbu, akayakosa karibu yote. Ndipo alipogundua kwamba mpiga pasi anamtazama midomo. Mashine zetu zilikuwa zimemmaliza masikio. Alipopata kifaa cha kusikia alirudia maswali akayajibu vizuri, na Sista akakiri mbele yetu sote kwamba alikosea, na tangu hapo kila Alhamisi akawa anatupima sote presha, sukari na masikio. Mpiga pasi naye akatuambia kwamba sasa anasikia, kwa hiyo kila aliyekuwa na neno juu yake alirudie.

Tuliomba vizibo vya masikio, tukaambiwa bajeti hairuhusu. Sista akahamishia kikao cha uongozi chumba cha kufulia, mashine zote zikiwa zinazunguka. Hakuna kikao kilichowahi kuisha upesi namna ile. Wiki iliyofuata vizibo vikafika.

Mwandishi wa maneno haya ana mama mbali, ambaye sasa humwita mwanawe kwa jina la mjomba marehemu. Nyumbani walisema ni uzee, wakawa wanamfungia ndani peke yake kutwa. Sista ndiye aliyesimama pembeni ya simu mpaka dada mtu akakubali kumpeleka kupimwa. Presha ilikuwa juu sana, na ugonjwa upo kweli. Hajapona, wala hatujadanganywa kwamba atapona. Ila anameza dawa ya presha, anakaa barazani na wenzake, na hakuna tena anayemfungia mlango.

Ndiyo maana stoo hatuikubali. Muuguzi anayempokea Sista amesema yuko tayari kuendelea, akipewa chumba. Tumeshauomba uongozi kwa heshima. Alhamisi ya kwanza ya Julai tutapanga foleni mlangoni, mikono ya mashati imekunjwa. Tukikuta maboksi, tutakaa juu ya maboksi tupimwe hapohapo.

Asante, Sista wetu, kwa kutukimbiza. Tunakuombea siku za utulivu, usingizi mrefu na watu wa kupiga nao soga. Na Alhamisi hiyo njoo, maana miaka yote hii hatujakuona ukikaa kwenye kile kiti cha kupimiwa. Wa kwanza kupimwa ni wewe.