Veronicah Gacheri Nthiga, Seremala wa Kiritiri (1963–2025)

Mama tunayemlaza leo hapa nyumbani kwake Kiritiri alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963 huko Timau, mtoto wa tatu wa Mzee Kaberia na Mama Igoki, ambao wote wawili walitangulia. Baba yake alikuwa fundi katika shamba kubwa la ngano, akitengeneza matela na masanduku ya mavuno. Timau ni baridi, na Gacheri mdogo aligundua mapema kwamba hakuna mahali penye joto kama chini ya benchi ya baba yake, katikati ya maranda. Kila Jumapili Mama Igoki alimkung'uta nywele mlangoni pa kanisa akinung'unika, "Mungu atafikiri nimemletea kuku aliyetoka kutaga."

Alisoma shule ya msingi pale Timau hadi darasa la saba, mwaka wa 1977. Alibaki nyumbani akimsaidia baba yake, kisha mwaka wa 1981 akajiunga na chuo cha ufundi cha kijiji karibu na mji wa Meru. Siku ya kwanza mwalimu wa useremala alimwonyesha kwa kidole darasa la ushonaji.

"Nimelipita nikija hapa, mwalimu," akamjibu, akaketi.

Alikuwa msichana pekee darasani. Alijifunza kunoa patasi hadi inyoe nywele za mkono, kupiga randa akifuata nyuzi za mbao, na kuunganisha mbao kwa ulimi na tundu, bila msumari. Alihitimu Novemba 1983 na kuajiriwa katika karakana ya samani mjini Meru.

Hapo karakana ndipo Mwalimu Nthiga alipomkuta, mwaka wa 1987, alipotumwa kuchukua madawati ya shule yake. Mwalimu aliinama akaanza kupapasa dawati kwa chini.

"Unatafuta nini huko chini?" Gacheri akamuuliza.

"Misumari. Watoto hupitisha mikono huku."

"Basi utatafuta mpaka jioni. Hakuna."

Mwalimu alipapasa madawati yote. Hakupata hata msumari mmoja. Baadaye alikuwa akisema kwamba alifurahi pia kwa sababu kazi hiyo ilimchelewesha. Walifunga ndoa kanisani hapa Kiritiri tarehe 10 Desemba 1988, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kiende na Mbae.

Mwaka wa 1994 Gacheri alijijengea karakana ya mabati nyuma ya nyumba. Aliyezoea mbao za Meru alilazimika kuanza upya na mukau wa huku Mbeere. Alikuwa akiusifu kwamba ni mti ulioteseka kwa ukame na ukatoka na rangi nzuri. Vitanda, makabati, meza na milango yake imo katika nyumba nyingi za hawa waliokaa hapa leo. Kwa miaka mingi alifanya kila kitu kwa mkono. Umeme ulipofika mwaka wa 2007, alinunua msumeno wa meza, halafu mashine ya msasa. Kazi ikaenda mbio. Lakini randa ya mkono hutoa maranda yaliyojikunja, nayo huanguka chini yakakaa. Mashine hutoa unga. Unga ule ulikaa kwenye vyandarua, kwenye mabega ya sare ya Mbae, na juu ya uji ukichelewa kufunikwa. Gacheri alijifunga leso puani akaona inatosha. Wakati huo sisi sote tuliona inatosha.

Kikohozi kilianza mwaka wa 2016. Alisema ni vumbi la barabara. Machi 2021, baada ya Gacheri kushindwa kupanda ngazi za kanisa bila kusimama, Mwalimu alimpeleka hospitali mjini Embu. Daktari alitazama picha za kifua, akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

"Useremala."

"Na usoni huwa unavaa nini?"

"Leso."

Daktari aliwaeleza kwamba mapafu yamefanya makovu, na kovu la pafu halirudi kuwa pafu. Kinachowezekana ni kuzuia mapya. Akamshauri aachane na mbao.

Waliporudi, Mwalimu alifunga karakana kwa kufuli na kuweka ufunguo mfukoni. Aliamini anamwokoa mkewe. Gacheri hakugombana naye. Alikaa barazani, mikono mapajani, siku baada ya siku, akijibu anapoulizwa tu. Kiende alipokuja kuwasalimia alimwambia baba yake kando kwamba mama anaonekana kama mgeni aliyekosa gari la kurudi kwao. Jioni moja wakila, Gacheri akasema:

"Mwalimu, umenifungia nje ya nyumba yangu."

"Nimefungia vumbi, Mama Kiende."

"Vumbi linaweza kutolewa. Mimi utanitoa wapi?"

Asubuhi Mwalimu alimpa ufunguo, akamwambia sharti ni moja tu: hakuna mashine itakayowashwa kabla hawajapata njia ya kuondoa lile vumbi.

Walianza Julai mwaka huo. Jirani yao Nyaga alikuwa na mashine ya posho iliyokufa zamani, akawapa feni yake pamoja na lile bati la umbo la faneli ambamo upepo huzunguka na unga ukaanguka chini. Gacheri alisema kama linatenganisha upepo na unga wa mahindi, litatenganisha na unga wa mukau. Alipatia nusu. Unga mzito ulidondoka vizuri kwenye pipa chini yake, lakini mabomba waliyofunga yalikuwa membamba na yenye kona nyingi, na nguvu ya feni ikaishia njiani kabla ya kufika kwenye mashine ya msasa. Wakabomoa. Wakaweka bomba pana la maji machafu, lililonyooka kando ya ukuta, na kwa kila mashine kipande cha plaiwudi cha kufungua na kufunga, ili feni ivute mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Vumbi jepesi lisiloanguka walilitoa juu ya paa, upande upepo unakoelekea, mbali na jikoni. Gacheri alivaa barakoa ya vichujio viwili, na sakafu ikawa inanyunyiziwa maji kwanza ndipo ifagiliwe.

Kazi ya Mwalimu ilikuwa kusimama mlangoni na kutazama mwale wa jua unaopenya kwenye tundu la bati, maana vumbi ambalo jicho halilioni huonekana ndani ya mwale. Gacheri anakata, Mwalimu anatazama.

"Bado," anasema. Wanaziba mwanya. "Bado." Wanasogeza mdomo wa bomba karibu zaidi na msumeno.

Mwisho akasema, "Sioni kitu."

"Angalia vizuri."

"Naangalia, mama. Sioni kitu."

Hiyo ilikuwa Septemba. Kiende anasema sauti za kucheka zilisikika mpaka barabarani.

Alifanya kazi hivyo, polepole, baadaye akiwa ameketi, hadi Oktoba 2024. Kazi yake ya mwisho ni mlango wa mbele wa nyumba ya Mbae huko Embu. Tangu Januari mwaka huu alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni kitandani. Mwalimu alimuuliza daktari: ule ufunguo ungebaki mfukoni mwake, je, mkewe angekuwa na muda zaidi? Daktari alimjibu kwamba madhara makubwa yalikuwa ya miaka ya nyuma, na zaidi ya hapo hawezi kusema. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akamshukuru.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 4 Mei 2025, Gacheri aliomba chai. Mwalimu aliipika akaileta katika vikombe viwili. Alimkuta ametulia, na mashine bado inanguruma. Aliizima. Akaketi kando ya kitanda, akanywa chai yake, halafu akanywa na ile nyingine, kwa sababu ilikuwepo. Ndipo akampigia Kiende simu. Yeye mwenyewe ametueleza hivyo, na ameomba iandikwe hivyo. Wapo wanaomwona hajalia wakashangaa. Anasema anawasikia watu wakiongea, anajua wanamwambia maneno mazuri, lakini ni kama wanaongea katika chumba kingine. Ameagiza mahindi ya chakula cha leo, amechagua jeneza, amepokea wageni. Akiulizwa karakana itakuwaje anasema hajui, na ni kweli hajui.

Marehemu ameacha mume wake, Mwalimu Nthiga, watoto wake Kiende na Mbae, mke wa Mbae, Kananu, wajukuu watatu, na kaka yake Kiunga wa Timau. Familia inawashukuru nyote kwa maombi na kwa kuja.

Jumatano iliyopita mteja alifika getini kutoka mbali, hajapata habari. Kama wateja wengi wageni, alimdhania Mwalimu kuwa ndiye fundi, akaanza kumweleza kabati analotaka. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Fundi ni mke wangu," akamwambia. Akamvutia kiti, akamwambia aketi, na wote wawili wakakaa pale wakimngoja fundi, mpaka Kiende alipotoka jikoni.

Gacheri apumzike kwa amani, na kifua chake kitulie.