Mzee Tao Yanqiu na Mchezo Uliokosa Mwisho

"Babu, mbona huyu hakufa na mfalme wake?"

Mjukuu wake Jinghe, aliyekuwa na miaka sita, alimuuliza Mzee Tao Yanqiu swali hilo nyuma ya jukwaa la hekalu, hapa hapa Hejing. Waigizaji walikuwa wakifanya mazoezi ya mchezo wake mpya, Kivuko, na aliyeulizwa habari zake ni mhusika mkuu, karani wa mfalme aliyepinduliwa. Mzee akaenda kununua mikate ya mvuke. Tangu siku ile hakuongeza hata mstari mmoja kwenye mchezo huo.

Mzee Tao alizaliwa mwezi wa kumi, mwaka wa Panya, enzi za Ming, akiwa mtoto wa pekee wa Bwana Tao Shiqing, muuza wino, na Bi Lou. Miaka hapa inatajwa kwa wanyama kwa sababu marehemu hakuwahi kuandika tarehe kwa jina la mfalme wa Qing, watawala waliotwaa nchi baada ya Ming, hata juu ya mtungi wa mboga za chumvi.

Alisoma kwa Mwalimu Fei tangu utotoni, na akafaulu mtihani wa wilaya akiwa na miaka kumi na minane. Mashairi yake yalisifiwa hadi Suzhou. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa na maringo kidogo: hakukosa shairi ndani ya mkono wa joho lake, akingoja tu aombwe asome.

Mwaka wa Farasi alimwoa Bi Ruan Suqin, wakajaliwa Huai na Lianzhi. Bi Lou alipopooza, mwanawe ndiye aliyemlisha kwa kijiko asubuhi na jioni, maana mama huyo hakukubali mkono wa mtu mwingine.

Mwaka wa Jogoo, majeshi ya Qing yalifika kwetu. Bi Ruan alikuwa ameshawakimbiza watoto kwa wazazi wake; Bi Lou hakuweza kusafiri. Mwalimu Fei alivaa joho lake zuri, akaelekea mtoni ili afe na enzi yake, na mwanafunzi wake akafuatana naye. Mwalimu aliingia majini, hakutoka. Tao alirudi mjini mbio, na mwezi haujaisha akawa amenyoa nywele za mbele na kusuka za nyuma, kama wanaume wote walivyoamriwa. Wenzake wa mashairi waliacha kumsalimia. Kwenye nyumba ya chai, Gong muuza samaki hakumwacha apite hivi hivi.

"Bwana Tao, maji yalikuwa baridi?"

"Baridi sana," alijibu kila mara, kisha akaagiza chai yake.

Aliombwa mashairi ya kuwasifu watawala wapya, akakataa. Mitihani yao pia hakuigusa. Badala yake, msomi huyu alikwenda kuwaandikia waigizaji, watu ambao ukoo wetu haukuwakaribisha hata mezani. Joho la zamani lilikuwa marufuku barabarani, lakini jukwaani hakuna aliyelikataza. Watu walikuja kutazama vichekesho, wakaona ile mikono mipana, wakalia. Na ni ajabu kweli ukiifikiria: sisi tuliozaliwa baadaye, enzi za Ming tumezijua kwa macho, tukiwa tumekaa chini ya jukwaa tukimenya karanga.

Ni Kivuko tu kilichobaki bila mwisho. Karani anafika ukingoni mwa mto, ngoma zinanyamaza, basi. Watazamaji walirudi nyumbani wakigombana kama angejitosa au la. Pan Sanbao, mkuu wa waigizaji, alimsihi amalizie. "Mzee, utaniua," alisema. "Jana wamenirushia maganda." Mzee alicheka, lakini usiku huo hakula.

Kikohozi kilimwanza majira ya baridi. Alifariki siku ya tatu ya mwezi wa pili, mwaka wa Panya, akiwa na miaka sabini na mitatu kwa hesabu ya kwetu, ambapo mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja. Kwa kuwa wafu hawakatazwi, aliomba azikwe na joho la zamani, na hakuna nyumba iliyobaki nalo. Sanbao ndiye aliyelitoa kwenye sanduku la maigizo. "Limeuawa jukwaani miaka na miaka," alisema akilikunjua. "Leo na lipumzike na mwenyewe."

Ameacha mjane, Bi Ruan, mwanawe Huai na bintiye Lianzhi, wajukuu wanne, na waigizaji wote wa Sanbao, ambao leo wamesimama pamoja na ukoo. Udongo wa Hejing umpokee kwa upole, alale kwa amani.

Wiki yake ya mwisho alimwita Jinghe, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, amsagie wino.

"Lile swali lako," alisema.

"Lipi, Babu? Mimi nauliza mengi."

"La nyuma ya jukwaa. Shika kalamu, tumalize mchezo wa watu. Andika: karani anatazama maji, kisha anageuka, anarudi nyumbani mbio."

Jinghe aliandika, akauliza kwa nini.

"Mama yake alikuwa bado hajala."