Ndege Iliyotembea Yenyewe

Benchi la kahawa la Awuor liko Salgaa, kati ya duka la spea na uwanja wa kuegesha malori. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa moto na habari ilikuwa moja: ndege ya mafunzo ya jeshi, ikiwa chini, injini ikijaribiwa, ilikuwa imetembea yenyewe na kugonga lori la mafuta. Hakuna aliyeumia. Lakini Okeyo, mwana wa Awuor, ni mmoja wa mafundi waliokuwa zamu, na mchana wakubwa wake wangewahoji. Akipatikana na makosa, kazi imeisha. Benchi zima lilijua hivyo, kwa hiyo benchi zima lilikuwa likimtafuta mkosaji mwingine.

Alianza Kiarie, dereva anayeitwa Retredi, kama tairi kuukuu lililovishwa mpira mpya, kwa sababu kila akistaafu anarudi barabarani.

— Ni upepo. Huu wa siku hizi unang'oa hema za krusedi, sembuse kandege?

— Upepo usukume ndege mpaka kwa lori? — akauliza Makokha, maarufu kama Satelaiti. Hana redio, lakini habari zote anazo.

— Kwani ndege husukumwa na nini?

— Wacha hizo, mzee. Ni kompyuta. Imeona makurutu wakifundishwa miaka yote, sasa imejifunza.

— Kama imejifunza kuruka, mbona ikatembea?

— Ilikuwa somo la kwanza!

Awuor alicheka kidogo, akamwongezea kahawa bila kuombwa. Satelaiti akapata nguvu.

— Ama ni majirani. Kuna nchi hapa, siitaji, iko na rimoti ya ndege za watu.

— Na wakaitumia kugonga lori? Si wangeipeleka kwao?

— Chaji iliisha.

— Mathe, usijali — Retredi akamwambia Awuor. — Mafundi hawahusiki. Hayo ni mambo ya huko juu.

— Juu wapi, na ndege ilikuwa chini? — akauliza Awuor.

Wakati huo akaja dereva mgeni, akipangusa mikono. Alikuwa ametoka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu la trela yake isije ikajiendea, kama afanyavyo kila dereva anayesimama Salgaa.

— Sasa wazee? Mathe, kahawa moja. Hiyo ndege mnasema, kwani haikuwa imewekewa jiwe?

Retredi alitazama ndani ya kikombe. Satelaiti alianza kutafuta kitu kwa simu yake. Wote wawili wamezeekea kwa malori, na asubuhi nzima hakuna aliyekuwa amelitaja jiwe.

— Ama nimeuliza vibaya?

— Hapana, boss — akasema Awuor, akimmiminia. — Ndege huwekewa mbao magurudumuni. Kijana wangu ndiye huziweka. Amenipigia alfajiri. Nimemuuliza kama ameumia, kama amelala, kama amekula. Hiyo ya mbao ndiyo nimeshindwa kuuliza.