Aliyepiga Picha Matumbo ya Mashine

Ndugu na majirani mliofika kutufariji, shemeji yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Mwanga, alizaliwa tarehe 3 Juni 1946, mtoto wa nne wa fundi mitambo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na kiwanda cha uchapaji, akasoma kuanzia 1954 hadi 1961, akajulikana shuleni zaidi kwa kufungua saa ya mwalimu mkuu kuliko kwa hesabu.

Mwaka 1965 aliajiriwa katika studio ya picha, na tarehe 12 Septemba 1970 akafanya kosa lililompa mke: aliirudisha kwenye kamera filamu aliyokwisha kupigia gurudumu la mtambo mkongwe wa uchapaji, akampiga nayo picha dada yetu mkubwa siku ya harusi yake, picha ikatoka na meno ya chuma yamemjaa kifuani. Bwana harusi alikuja juu, mwenye studio akamfukuza papo hapo, lakini dada yetu wa pili, huyu mnayemwona mbele yenu, aliitazama picha ile hadi chai yake ikapoa, akasema hajawahi kuona kitu kizuri kiasi kile, wakaoana tarehe 8 Aprili 1972, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Kuanzia 1973 hadi 2001 alikuwa mpiga eksirei hospitalini, na kila Jumamosi mchana, kwa ruhusa ya mganga mkuu, alitumia filamu zilizopitwa na muda kupiga eksirei cherehani, gramafoni na taipureta za mwanzoni mwa karne iliyopita, vitu tulivyoviita makorokoro, springi na skrubu zikatokea nyeupe, zinaelea gizani, tukabaki midomo wazi. Baba yake alimsihi aache asije akapoteza na kazi hiyo, achome picha zote, dada yetu akakataa katakata.

Tarehe 19 Januari 2009, baada ya kikohozi kirefu, aliowafundisha kazi walimpiga eksirei ya kifua, akaiinua dirishani, akaliona doa kabla ya daktari, na mkewe alipomuuliza, akajibu kwamba imebaki miezi mitatu, ila picha imetoka vizuri sana, itundikwe sebuleni pamoja na zile nyingine. Dada yetu alilia siku mbili, siku ya tatu akapigilia msumari.

Aliaga dunia jana, tarehe 22 Aprili, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotubeba, na wafanyakazi wenzake. Picha ipo ukutani, mtakaopita nyumbani iangalieni bila woga, moyo wake unaonekana. Shemeji, pumzika kwa amani.